Toa Betri, Kisha Chungulia

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikuwa kwenye harusi Tabata. Kabla keki haijakatwa, mshereheshaji aliomba ukumbi mzima umpigie makofi mpiga picha, "maana kijana wetu kaja na DSLR ya nguvu, lenzi mpaka mlangoni." Makofi yakapigwa, vigelegele vikafuata. Mimi nilikaa meza ya tatu na kamera yenyewe niliiona vizuri: mwili mnene mweusi, nundu juu, kishikio kizuri cha mkono wa kulia, lenzi inayotoka na kurudi kama kichwa cha kobe kila inapowashwa na kuzimwa. Haikuwa DSLR. Haikuwa rifleksi ya aina yoyote, yaani kamera inayolipa jicho mwanga wenyewe uliopita katika lenzi inayopiga picha. Ilikuwa kamera ya zumu ya lenzi isiyofunguka, sensa yake haizidi punje ya hindi, na chini ya taa za rangi za ukumbi ule ilikuwa imebebeshwa kazi isiyo yake.

Baada ya siku chache nikaonyeshwa picha. Shela la bibi harusi limegeuka doa jeupe lisilo na uzi hata mmoja. Nywele za shangazi zimegandamana kama zilizopakwa kwa brashi. Kila penye kivuli pamejaa chembechembe za kijani na zambarau. Na familia inasifu: ndiyo maana tulitaka DSLR, wanasema, mnaona tofauti? Nimetengeneza kamera Kariakoo zaidi ya miaka thelathini. Picha mbaya nimezizoea, kila mtu anaanzia mahali. Kinachoniuma ni jina zuri kupewa kitu kisicho chake, halafu watu wakajifunza kuupima ubora kwa kitu hicho.

Wanunuzi wengi wanaokuja mezani kwangu hutazama vitu vitatu: nundu, lenzi inayofunguka, na kioo. Vyote vitatu vinadanganya.

Nundu kwanza. Nundu ya kweli ni nyumba ya prizimu. Kwenye Kine Exakta, iliyotoka Dresden mwaka 1936, mpiga picha aliinamisha kichwa na kutazama kioo cha ukungu kutoka juu, na dunia aliiona imegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Mwaka 1949, katika mji huohuo, Contax S ikaja na prizimu juu ya kioo cha ukungu. Picha ikasimama sawa, mtu akainua kamera hadi usawa wa jicho, na kamera ikapata ule mgongo tunaoujua. Umbo hilo lilitokana na kazi. Leo nundu inafinyangwa hata pasipo na prizimu. Panasonic G1 ya 2008, kamera ya kwanza ya mfumo wake, yenye lenzi inayofunguka lakini isiyo na kioo, ilikuja na nundu kamili, na ndani yake mna skrini ndogo ya umeme. Kwenye kamera nyingi za zumu, nundu ni makazi ya flashi.

Lenzi kufunguka nako si ushahidi. Kamera nyingi za leo zisizo na kioo zinafunguka lenzi, na si rifleksi. Kwa upande mwingine, Olympus E-10 ya mwaka 2000 lenzi yake haifunguki kabisa, lakini ukichungulia unaona mwanga wenyewe uliopita katika lenzi ileile inayopiga picha. Hiyo ni rifleksi halali, na niligombana na fundi mwenzangu wiki nzima kabla hajakubali.

Basi kioo? Hata kioo. Sony walitoa Alpha 33 na Alpha 55 mwaka 2010. Fungua lenzi utakikuta kioo kimeinama palepale unapokitarajia. Lakini hakiinuki wakati wa kupiga. Mwanga mwingi unapenya hadi kwenye sensa, sehemu ndogo inarudishwa juu kwa ajili ya fokasi, na jicho lako halipati chochote kutoka kwenye kioo hicho. Jicho linapewa skrini. Nimeona watu wazima, wenye miaka kumi kazini, wakiapa kwamba ile ni DSLR kwa sababu kioo wamekiona kwa macho yao.

Mlio sitaupotezea muda. Kamera nyingi za zumu zina spika ndogo inayotoa sauti ya shata iliyorekodiwa. Ingia kwenye menyu, zima sauti, piga tena. Ikinyamaza kabisa, rudisha dukani.

Kipimo ni jicho. Chukua kamera, toa betri, iweke mezani. Sasa inua kamera, weka jicho kwenye kitundu, zungusha pete ya fokasi. Kama ni rifleksi, utaona duka, muuzaji, na mtaa nyuma yake, na kwa lenzi nyingi vyote vitaingia na kutoka kwenye ukungu kwa mkono wako, bila chembe ya umeme. Kama ndani mna skrini, utaona weusi. Basi. Kamera iliyokufa inakuonyesha dunia au haikuonyeshi.

Hata hapa kuna mtego. Nikon D80, D90, D200 na D300 zina utando wa maandishi ndani ya kitundu, na utando huo unategemea betri. Ukiitoa, picha haipotei ila inafifia na kuwa ya kijivu, kama kutazama kupitia glasi chafu. Namjua mtu aliyeugeuza mtego huu kuwa biashara. Anamwendea mwenye D90, anatoa betri mbele yake, anamwambia chungulia, unaona giza hilo? Prizimu imekufa. Mwenye mali anashtuka, anauza nusu ya bei. Mnunuzi akifika kona ya pili anarudisha betri, na kamera ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo elewa: kufifia si kufa. Unachokitafuta ni umbo la kitu, linaloingia kwenye fokasi na kutoka.

Ukishamaliza hilo, rudisha betri upige picha jicho likiwa palepale. Hapa ndipo wasiojua wanapopita bila kuona, ingawa ndipo penye uhai wote wa kamera hii. Unapobonyeza, kitundu kinazimika. Ni kufumba na kufumbua, lakini ni giza kamili. Kioo kimeinuka ili mwanga ufike kwenye filamu au sensa, na kilipoinuka kimeziba njia ya jicho lako. Maana yake ni kwamba kila picha unayoipiga kwa rifleksi ya kioo kinachoinuka, punje ile ya wakati iliyoingia kwenye picha wewe hukuiona.

Mwalimu wangu alikuwa na studio ndogo karibu na Mnazi Mmoja, na kamera yake ya safari ilikuwa Zenit-E, aliyoinunua kwa mwanafunzi aliyerudi kutoka Urusi. Nzito kama tofali. Helios yake ya milimita 58 haikujifunga yenyewe: unafokasi ikiwa wazi, kisha unazungusha pete kuifunga, kitundu kinaingia kiza kidogo, ndipo unapiga. Mkanda wa picha 36 zama zile ulikuwa mali, tuliusubiri kama unavyosubiriwa mzigo bandarini, na mzee hakutaka picha moja ipotee. Basi kila nilipobonyeza aliniuliza neno moja: "Umeona nini?"

Nikimjibu kwamba nimemwona bwana harusi amefumba macho, anafurahi. Anasema picha tunayo. Nikimwambia nimemwona anacheka vizuri kabisa, macho wazi, meno nje, anakunja uso: piga tena. Ilinichukua miezi kuelewa. Nilichokiona kilikuwa kabla ya giza au baada yake. Kicheko kizuri nilichokiona hakikuwa kwenye filamu kwa sababu nilikiona. Mkono wangu ulichelewa, au uliwahi. Alinifundisha kubonyeza kicheko kikiwa njiani, ili giza liangukie juu yake.

Na flashi vilevile. Alisema ukiona mwanga wa flashi ndani ya kitundu, hiyo si yako, ni ya mpiga picha mwingine. Flashi yako huwaka kioo kikiwa juu, kwa hiyo jicho la kulia haliwezi kuiona. Ndiyo sababu tulifundishwa kuacha jicho la kushoto wazi, lishuhudie nyuso za wageni zikimulikwa. DSLR za leo zinatoa kwanza mwali mdogo wa kupima kabla kioo hakijainuka, na huo utauona, usichanganyikiwe. Lakini mwali mkubwa bado hauonekani kitunduni. Mpaka leo nikimtazama mpiga picha kazini, nikamwona anafunga jicho la kushoto, najua hakupita kwa mwalimu.

Sasa weka jicho kwenye ile kamera ya zumu. Ukipiga, picha inaganda kwenye skrini, unaitazama, unaridhika kwamba wakati ule umeuona na umeukamata. Hukuuona. Ulichokuwa unakiona tangu mwanzo ni picha ya picha, iliyosomwa na sensa, ikapikwa, ikaletwa kwenye skrini ikiwa imeshachelewa kidogo. Ingia nayo chumba chenye kiza, pungia mkono mbele ya lenzi. Mkono utaburuta mkia, na kitundu kizima kitajaa mchanga. Kwenye rifleksi mkono ni mkono, ila ni mweusi zaidi, kama unavyouona kwa jicho lako. Wakati mwingine taa ya tyubu ya dukani inatosha kuumbua skrini: utaona mistari inapanda na kushuka juu ya ukuta.

Najua kuna atakayeniletea Canon Pellix ya 1965, rifleksi ya kweli ambayo kioo chake hakikuinuka na kitundu hakikuzimika. Naijua. Kioo chake kilikuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga mwingi na kurudisha sehemu kwa jicho, na malipo yake yalikuwa kitundu chenye kiza muda wote na filamu iliyopunjwa mwanga. Sikuwahi kumwona mpiga picha mzuri aliyeishi nayo. Giza fupi la kweli ni bora kuliko kiza cha kudumu. Wazee walisubiri giza hilo lifupike: kwenye Exakta kioo kikishainuka kilibaki juu mpaka uvute filamu, na Wajapani wa Asahi walipotoa Asahiflex IIb mwaka 1954, kioo chake kikawa kinarudi chenyewe mara moja. Tangu hapo mtu aliweza kupiga na kuendelea kutazama. Nikon F ya 1959 ikalifanya jambo hilo kuwa kawaida ya wapiga picha wa magazeti.

Kuhusu ukubwa wa sensa nitasema kwa kifupi, hesabu zinajieleza. Fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. DSLR za kawaida ni kama 23 kwa 15. Kamera nyingi za zumu ni kama 6 kwa 4.6. Piga eneo: fremu kamili inazidi ile ya zumu karibu mara thelathini. Hapo megapikseli haziokoi kitu. Zikiwa 16 ndani ya punje ya hindi, kila moja inapata mwanga wa kulamba tu. Na ile namba kubwa kwenye lenzi isikutishe. Nikon P1000 ya 2018 inatajwa kufika milimita 3000, lakini huo ni ulinganisho wa pembe, lenzi yenyewe inaishia 539. Ni chombo kizuri kwa anayetaka ndege juu ya mti mchana kweupe, au mwezi mpevu. Kiite jina lake, kipe kazi yake, hakitakuaibisha.

Na zile zisizo na kioo zenye sensa kubwa sigombani nazo pia. Zinafokasi kwenye jicho la mtu kwa uhakika ambao DSLR nyingi haziufikii, na kitundu chake kinakuonyesha mwangaza wa picha kabla hujabonyeza. Wakubwa wote wamehamia huko. Canon na Nikon walitoa rifleksi zao kubwa mwaka 2020, 1D X Mark III na D6, na baada ya hapo nguvu zao wamezipeleka kwenye mifumo mipya. Ninachokataa ni kuuziwa moja kwa jina la nyingine, na kuambiwa kwamba tofauti ni maneno tu. Mtu aliyejifunza na skrini anajifunza kusahihisha picha anayoiona. Aliyejifunza na kioo anajifunza kuitabiri asiyoiona. Hizo ni akili mbili, na mimi nikipewa mwanafunzi bado namwanzisha na kioo, lenzi ya milimita 50, na marufuku ya kutazama skrini ya nyuma mpaka tufike nyumbani.

Wadanganyifu si wageni. Miaka ya tisini ziliingia kamera za plastiki za filamu, nundu juu, lenzi nene mbele, jina limeandikwa kwa herufi zinazofanana na za kampuni kubwa. Mama mmoja aliniletea moja, zawadi kutoka Ughaibuni, imekwama. Nilipoifungua nilikuta ndani kipande cha chuma kimefungwa kwa skrubu mbili chini ya mwili, hakigusi kitu, hakifanyi kazi yoyote. Kiliwekwa ili kamera iwe nzito mkononi. Lenzi ilikuwa plastiki, kitundu kilikuwa dirisha tu la kutazama pembeni ya lenzi, na nundu ilikuwa tupu kabisa, unaweza kuweka njugu ndani. Nilimrudishia bila kumtoza, na kile chuma ninacho mpaka leo kwenye droo ya bisibisi.

Siku hizi ujanja ni mwepesi zaidi. Kamera ya zumu inavalishwa kofia kubwa ya lenzi na mkanda wa shingoni wenye jina la DSLR. Kuna mpiga picha nimemkuta ukumbi zaidi ya mmoja ananing'iniza begani DSLR iliyokufa shata, kwa ajili ya bei, huku akipigia kazi kwa nyingine ndogo. Mteja akiona miili miwili anaongeza malipo. Niliwahi kuishika ile ya begani akiwa anakula: kioo kimeng'oka, kimelala chini kama jani.

Ukiamua kununua rifleksi iliyotumika, na kwa bei za sasa ni wakati mzuri, anza na sifongo. Ndani, pale kioo kinapogonga juu, kuna ukanda mwembamba wa sifongo. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu unageuka lami. Uguse kwa njiti ya kiberiti, usiuguse kwa kidole. Ukinata, kioo nacho kitanata siku moja katikati ya kazi. Kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma, utafute kuvu, nyuzi nyembamba kama za buibui. Kuvu ya ukingoni naivumilia. Ya katikati siipokei hata bure.

Chagua prizimu ya glasi. Tangu Canon 300D ya 2003, iliyoshusha DSLR chini ya dola 1,000, nyingi za bei nafuu zinatumia vioo vilivyogundishwa mahali pa prizimu, na kitundu chake ni chembamba, chenye kiza, kama kutazama ukumbi kupitia tundu la ufunguo. Ni rifleksi, sikatai. Lakini usijifunze nayo ukiwa na njia nyingine. Mwili uwe mweusi. Mlio wa shata uwe mfupi na mkavu, usiwe na mtetemo nyuma yake. Uzito ujae kiganja bila kuvuta kifundo. Kamera inayokufanya ufikirie mkono wako haifai, hata ingekuwa mpya kwenye boksi.

Jumanne yule kijana wa Tabata alifika mezani kwangu. Mtu alimwambia kwamba nilimsema. Akaniamkia, shikamoo mzee, nikaitikia, akaweka kamera yake mbele yangu akauliza ina ubaya gani. Nikamwambia atoe betri achungulie. Akachungulia, akakaa kimya. Nikamfungulia kabati nikampa Pentax K1000, ya mwaka niliouanza ufundi, isiyo na betri wala filamu, maana shata yake ni ya springi na haiombi umeme. Akaielekeza mlangoni. Bajaji zilikuwa zinapita, na muuza madafu amesimama kivulini na baiskeli yake. Nikamwonyesha pete, akaizungusha taratibu, nikaona bega lake linashuka. Akabonyeza.

"Mzee, imezima."

"Umeona nini kabla?"

"Muuza madafu ameinua panga."

"Basi hukumpata."

Hakuishusha kamera. Alivuta wenzo wa filamu kwa kidole gumba, akasubiri, na safari hii panga lilikuwa bado liko chini alipobonyeza.